Mche Usiofanana na Mama Yake

Mbele ya nyumba yangu hapa Mabogini lipo waridi jekundu ambalo nalipenda kuliko mimea yote niliyo nayo. Nililipata miaka 12 iliyopita kama kikonyo, yaani kipande cha tawi chenye urefu wa penseli, kutoka kwa mama mmoja wa usharika wetu aliyekuwa akipamba madhabahu. Nilikichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na samadi, nikakifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, na baada ya wiki kadhaa kikatoa mizizi. Ua lake la kwanza lilikuwa lile lile la yule mama: jekundu la kukolea, lenye petali nyingi zilizobanana. Tangu hapo nimewagawia majirani vikonyo vyake, na nikipita njiani nikaliona waridi langu kwenye ua wa mtu, naona fahari.

Mwaka juzi nilijaribu jambo nisilowahi kulifanya. Badala ya kukata maua yaliyonyauka, niliyaacha. Pale petali zilipodondoka pakavimba kijitunda cha kijani, kikakua kwa miezi mitatu hadi minne, kikageuka rangi ya chungwa. Nikapasua matunda saba nikapata mbegu 43. Mbegu za waridi haziamki kwa urahisi katika joto letu la tambarare. Asili ya mawaridi mengi ni nchi zenye majira ya baridi, na mbegu husubiri baridi ipite ndipo ithubutu kuota. Basi nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikazitia ndani ya kopo, nikaziweka kwenye friji kando ya maziwa kwa wiki nane. Mama watoto aliniuliza mara mbili kama kopo lile ni dawa. Kisha nikazipanda. Zikaota 14. Miche mitano ikafa kwa kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina changa pale linapogusa udongo. Ikabaki tisa.

Kabla ya mwezi wa tano kwisha ilikuwa imeanza kutoa maua, na hapo ndipo nilipofadhaika. Hakuna hata mche mmoja uliofanana na mama yake. Mmoja ulitoa ua jeupe lililochafuka. Mwingine ulifunikwa na ubwiri unga tangu majani ya kwanza. Mmoja ulikuwa na petali tano tu, za pinki iliyopauka, zimefunguka kama kisosi. Nilisimama mbele ya huo wa petali tano nikiwa na koleo mkononi, nikajiambia: hili si waridi langu. Nikainama ili niung'oe.

Sikuung'oa siku ile. Nataka kueleza kilichouzuia mkono wangu, kwa sababu naamini ni swali ambalo wazazi wengi wa Kikristo, na wazee wengi wa kanisa, tunalikwepa: je, tunayo haki ya kumkataa mtoto kwa kuwa hakutoka kama sisi? Na je, uaminifu ni kufanana?

Kwanza tuelewe kwa nini mche haufanani na mama. Kikonyo si mtoto wa waridi. Ni waridi lenyewe, mti ule ule ukiendelea kuishi mahali pengine. Mbegu ni habari nyingine. Ndani yake yamekutana mambo ya mama na ya baba, na mara nyingi baba hajulikani, kwa kuwa nyuki ndiye aliyeleta chavua kutoka bustani ambayo mwenye waridi hajawahi kuiona. Hata ua likijichavusha lenyewe, bado mtoto hafanani naye. Mawaridi ya kisasa ni machotara wa machotara, na babu waliofichika ndani ya mama hujitokeza kwa mtoto. Zile petali tano zilizonichukiza ndizo petali za mawaridi ya porini ambako haya yetu yote yalitoka.

Sisi wa Kilimanjaro tulipaswa kulijua hili. Mgomba wa kihamba hauna mbegu ya kupanda. Tunahamisha chipukizi, na mshare wa babu ndio mshare wa mjukuu. Sale tunaloliotesha mpakani nalo linatokana na kipande cha shina. Mlimani tumezoea urithi wa namna hiyo: anachopokea mtoto ni kile kile alichokuwa nacho baba, mahali pale pale. Hapa chini mambo ni tofauti. Tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ukamilike mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, watu wengi wamekuja kulima mpunga huku: wengine wameshuka mlimani baada ya vihamba kugawanywa hadi vikaisha, wengine wametoka Upare na kwingineko. Mpunga hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mbegu uliyoitunza vizuri hukupa mpunga ule ule. Lakini mwulize mkulima yeyote kuhusu mahindi chotara ya dukani. Atakwambia kwamba ukihifadhi punje zake na kuzirudia msimu wa pili, hupati tena shamba lile. Kila mmea una namna yake ya kuacha uzao. Kosa ni kudai kutoka kwa mmoja kile ambacho ni cha mwingine.

Sasa mwanadamu ni wa kundi gani? Mtume Paulo, anapowaandikia Wakorintho katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza, anasema kwamba tunachopanda si ule mwili utakaokuja, bali ni punje tupu, na Mungu ndiye anayeipa mwili kama alivyopenda. Najua anazungumzia ufufuo wa wafu. Lakini hoja yake inasimama juu ya jambo ambalo kila mkulima wa Korintho alilijua kwa macho: apandaye hachagui umbo la kitakachoota.

Nimelifundisha fungu hilo. Nimefundisha darasa la kipaimara kwa miaka 16, na Katekisimo Ndogo ya Luther naijua kwa moyo. Mzaliwa wangu wa kwanza aliisoma chini yangu, akajibu maswali yote pasipo kukosea, akapaimarishwa akiwa amesimama mstari wa mbele. Nilimwona kama kikonyo kilichoshika mizizi. Nilitarajia awe mwalimu kama mimi, aimbe kwaya niliyoimba, azikwe kwenye kihamba cha baba yangu. Akawa fundi wa pampu za maji. Hilo nilimeza. Kisha akaoa binti wa Upare, mtu mwema ambaye sina neno baya juu yake, akahamia kanisa la mkewe. Kanisa hilo hubatiza tu wale wanaoweza kukiri imani kwa kinywa chao. Mjukuu wangu alipozaliwa, nikamwuliza mwanangu, "Mtoto mnambatiza lini?" Akanijibu kwa heshima, "Baba, tutamlea katika Bwana, na siku atakapoamini mwenyewe atabatizwa."

Sikumpigia kelele. Nilifanya jambo baya zaidi: nilinyamaza. Nilinyamaza kwa miezi 14. Walipokuja Krismasi nikaenda shambani. Mama yake alipopokea simu, nikatoka nje. Kwangu mimi lile halikuwa swali la ladha au desturi. Naamini ubatizo wa watoto wachanga kwa moyo wangu wote. Naamini kwamba katika maji yale Mungu ndiye anayetenda, kabla mtoto hajaweza kutenda lolote. Niliona kwamba mwanangu amemnyima mwanawe kitu ambacho mimi nilimpa yeye bure.

Hapa msomaji wa kanisa letu anaweza kunipinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: "Mzee, mifano ya maua ni mizuri, lakini imani si waridi. Imani tumekabidhiwa. Ukiruhusu kila mche uote unavyotaka, baada ya vizazi viwili hutakuwa na kanisa, utakuwa na kichaka." Ni kweli. Kila Jumapili tunakiri imani kwa maneno yale yale, wala hakuna anayeruhusiwa kuyageuza kwa kuwa ameota tofauti. Kuna kitu katika kanisa ambacho lazima kipite kutoka mkono hadi mkono kama kikonyo, bila kubadilika. Mimi mwenyewe sijabadili fundisho langu juu ya ubatizo, na sikusudii.

Lakini kitu kinachokabidhiwa ni kimoja, na mtu anayekipokea ni kingine. Neno tunaweza kulilinda lisibadilike. Mwaminio huzaliwa, wala haotoki kwenye tawi la baba yake. Nilichanganya vitu hivyo viwili. Nilidhani kwamba kwa kuwa Neno halibadiliki, basi mwanangu naye anapaswa kuwa mimi, na nilipoona si mimi, nikasema si wa Neno. Ukweli ni kwamba anaomba kuliko mimi. Anasoma Biblia kila siku kabla ya kwenda kazini, jambo ambalo nililazimika kuwasukuma vijana wa kipaimara walifanye mara moja kwa wiki. Katika jambo moja kubwa naamini amekosea. Kumwambia hivyo ilikuwa haki yangu, tena wajibu wangu. Kumnyima uso wangu haikuwa haki yangu.

Tena, hivi vikonyo tunavyovitukuza vilitoka wapi? Kila waridi linalozalishwa leo kwa vikonyo au kwa kubebesha lilikuwa siku moja mche mmoja ulioota kutoka mbegu moja, na mtu fulani akauacha uishi. Waridi liitwalo "La France", ambalo wengi hulihesabu kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa, lilitolewa mwaka 1867 na mkulima wa Ufaransa, Jean-Baptiste Guillot, na wazazi wake hawajulikani kwa hakika hadi leo. Kwenye kahawa yetu ni vivyo hivyo. Kahawa ya zamani ya vihambani iliteswa na chulebuni na kutu ya majani. Aina zinazohimili magonjwa hayo, zinazosambazwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania kutoka Lyamungu, zilipatikana kwa kuchanganya kahawa na kahawa nyingine, kisha kuchagua miche iliyostahimili. Baada ya hapo ndipo zikazalishwa kwa vikonyo. Kinachonakiliwa leo kilianza kwa kuwa tofauti.

Na kanisa letu je? Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Wachaga wa kwanza waliobatizwa hawakufanana na baba zao. Walikataa tambiko. Walikaa mbali na mambo ambayo wazee waliyaona kuwa ndiyo uhai wa ukoo. Ni rahisi kuwaza uchungu wa baba wa siku zile, aliyeona mwanawe anakwenda kukaa na wageni na kuacha kuwaheshimu waliolala. Alipoteza zaidi ya nilichopoteza mimi, kwa maana wangu bado anamwita Yesu Bwana. Sisi tunaojisifu kuwa Walutheri wa vizazi vinne tunatokana na watoto waliowahuzunisha wazazi wao. Halafu tunasimama juu ya kaburi la mche ule wa kwanza na kudai kwamba kuanzia hapo kila kitu kiwe kikonyo.

Sitaki kusema kwamba kila kilicho tofauti ni chema. Ule mche wenye ubwiri unga niliung'oa mwishowe, kwa sababu vumbi lake jeupe lilikuwa linaelekea kwa wenzake. Mkulima wa mawaridi anang'oa miche mingi kuliko anayoiacha, na hatendi dhambi. Lakini hapa mfano wangu unafika mwisho wake, na ni vizuri kuona unapoishia. Waridi liko kwa ajili yangu: nalipanda nilifurahie, na lisiponifurahisha nina ruhusa ya kuliondoa. Mtoto hayuko kwa ajili yangu. Katika mfano wa magugu, Mathayo sura ya 13, watumishi wanajitolea kung'oa na mwenye shamba anawakataza, kwa hofu kwamba watang'oa na ngano pia. Hawakukatazwa kwa sababu magugu ni mazuri. Walikatazwa kwa sababu macho yao hayakutosha kwa kazi ile, na kwa sababu shamba halikuwa lao.

Kuhusu macho kutotosha, waridi la mbegu lilinifundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ua la kwanza la mche hudanganya. Mche mchanga hutoa ua dogo lenye petali chache, na mwaka unaofuata unaweza kutoa ua jingine kabisa. La pili lilinigusa zaidi. Katika maua yaliyojaa petali, nyingi ya petali zile ni sehemu za kiume za ua, stameni, zilizogeuka kuwa petali. Maana yake ni kwamba ua linapozidi kujaa uzuri, chavua hupungua, na mengine hayazai mbegu kabisa. Waridi langu jekundu, fahari yangu ya miaka 12, halipati nyuki wengi; hawaoni njia ya kuingia. Asubuhi moja nilipokwenda tena na koleo kwenye ule mche wa petali tano, nilikuta nyuki watatu kwenye ua moja. Nililolidharau kwa kukosa petali lilikuwa na chakula.

Nilirudi ndani nikaketi, na hapo ndipo niliposhtuka. Kwa miezi 14 nilikuwa nimemtetea Mungu dhidi ya mwanangu kwa hoja moja: kwamba neema humfikia mtoto kabla hajaonyesha lolote. Mungu hasubiri kuona ua. Anamshika mtoto mchanga asiyejua hata kusema jina lake, na kumwita wangu. Hiyo ndiyo sababu tunawabatiza wachanga, na hiyo ndiyo hoja niliyoirudia mbele ya vijana wa kipaimara kwa miaka 16. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimesubiri kuona ua. Nilimpokea mwanangu kwa sharti, na ua lilipofunguka na rangi haikuwa yangu, nikalirudisha neno langu. Mwanangu hakumbatiza mtoto wake, lakini anampenda bila kungoja kitu. Mimi nilimbatiza wangu, kisha nikaishi kana kwamba ubatizo ule haukusema lolote. Kati yetu wawili, ni nani aliyeukana?

Nawaandikia hasa wazazi na wazee wa kanisa ambao wana mtoto wa namna hii: aliyehama dhehebu, aliyeacha kwaya, aliyeoa nje ya matarajio, au ambaye kwa sasa haendi kanisani popote. Sisemi mwache kuamini mnachoamini. Mtu asiye na imani ya kushikilia hana cha kumpa mtoto. Mwambieni ukweli kama mnavyouona, mkiwa mmeketi naye, chakula kikiwa mezani. Mwagilieni. Wekeni mti wa kuegemea pale shina linapolegea. Lakini msigeuze ukimya kuwa koleo. Na mkumbuke kwamba mbegu za tunda moja haziamki siku moja. Katika zile 29 ambazo hazikuota, sita ziliota mwaka uliofuata, kwenye udongo ambao nilikuwa karibu kuumwaga.

Mwezi ujao mjukuu wangu anawekwa wakfu katika kanisa la wazazi wake. Hakutakuwa na maji. Mwanangu alinitumia ujumbe mfupi wa kunialika, bila kunilaumu, kama vile miezi 14 haikupita. Nimemjibu kwamba nitakuja. Sijui nitafanyaje uso wangu wakati wa maombi yale, kwa maana moyoni nitakuwa natamani maji, na sitaona aibu kumwambia Mungu hivyo. Kwenye ua wa nyuma tuna masale machache ambayo mama watoto aliyaleta kutoka kihambani. Kwetu, mtu aliyekosa akimpelekea mwenzake jani la sale, ameomba msamaha, na ni vigumu kumkatalia. Kwa desturi si baba anayempelekea mwanawe. Nimeshachagua jani.